Fundi wa Kadi za Basi

Kibarazani kwake palikuwa na cherehani, benchi la abiria, na msumari mrefu uliopigiliwa ukutani juu ya mlango wa duka. Kwenye msumari huo zilining'inia kadi za basi, zimetungwa kwenye uzi wa katani kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa. Mtu aliyetaka kusafiri kutoka Bunda kwenda Musoma au Butiama hakuanzia stendi. Alianzia kwa Fundi.

Sitalitaja jina lake. Wengi pale Bunda hawakulijua, na waliolijua hawakulitumia. Wenye nguo walimwita Fundi, wasafiri walimwita Wakala, na makuli wa stendi walimwita Mkasi, kwa sababu mkasi haukumtoka mkononi hata alipokuwa anakunywa kahawa. Mimi nilimwita Fundi. Yeye aliniita Mkubwa. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne, na baada ya mama kufa nikawa mkubwa wa nyumba nzima.

Kadi zenyewe hazikuwa za karatasi. Miaka ile karatasi ilikuwa shida kama sukari, sabuni na kila kitu kingine, na karatasi ya kupatikana kwa shida huwezi kumpa mtu aifunge kwenye pindo la khanga akalime nayo. Fundi alizikata kutoka turubai la lori kuukuu, kipande cha ukubwa wa kiganja, akazungushia mshono wa cherehani. Uzi mwekundu ulikuwa wa Musoma. Uzi wa buluu ulikuwa wa Butiama. Nyuzi za dukani zilipoadimika alitumia uzi wa kijani wa kufumia nyavu, aliouagiza kutoka Mwigobero, soko la samaki la ufukweni Musoma, na hapo kadi za Musoma zikawa kijani kwa msimu mzima. Kadi moja ilimpeleka mtu mmoja na kumrudisha. Wakati wa kwenda kona moja ilikatwa kwa mkasi. Wakati wa kurudi ilikatwa ya pili, na kondakta akaichukua.

Kilichozaa kadi ni ugomvi wa chenji. Sarafu zilikuwa zimepotea mjini, hakuna aliyejua zimekwenda wapi, na kondakta wa basi la buluu lililobeba watu wa njia hizo alikuwa akirudisha chenji ya kiberiti, pipi, au ahadi. Siku moja mwanamke wa sokoni alimkamata kondakta shingoni akadai chenji yake mbele ya abiria wote, na basi likachelewa mpaka jua likawa kali. Mwenye basi alikuwa mzee wa Musoma, mfanyabiashara mpole asiyependa kelele. Alimfuata Fundi, ambaye cherehani yake ilikuwa imelala kwa kukosa vitambaa, akamwambia, "Nitafutie njia watu wangu wasafiri bila kushikana mashati." Fundi akamtafutia.

Hapo mwanzo watu waliicheka kadi. Msimu wa pamba ulipofika wakaacha kucheka. Pamba ililipwa mara moja kwa mwaka, na mwenye pamba alijua vizuri kwamba noti za leo mezani hazitakuwa na nguvu ileile mvua zikianza. Nauli ilipanda, ikapanda tena. Aliyeweka noti chini ya godoro alizitoa akakuta hazimfikishi hata Kiabakari, hapo njiani. Aliyenunua kadi aliitoa akafika Musoma. Watu wakaanza kununua kadi baada ya mavuno kama wanavyonunua jembe, za kwendea hospitali, za kwendea msibani, za kupelekea mtoto shule.

Fundi alikuwa na neno moja juu ya kadi, na alilisema mpaka watu wakawa wanamwigiza sauti: "Hii siyo hela. Hii ni kiti."

Alilisema kwa ukali, kwa sababu watu walitaka sana iwe hela. Walilipia samaki kwa kadi. Walitoa kadi kwenye michango ya harusi na rambirambi. Mzee mmoja wa Nyamuswa aliongeza kadi tatu kwenye mahari, na ukoo wa binti ukazipokea bila kununa. Halafu Jumapili moja kadi zikaanza kutumbukia kwenye kikapu cha sadaka. Katekista alikuja kibarazani Jumatatu asubuhi, amezifunga kwenye leso.

"Fundi, hizi nifanye nini?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni, kama kawaida. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kijimto alichofunga mkononi.

"Padri anasafiri?"

"Anasafiri kwa pikipiki yake."

"Basi mwambie aache pikipiki apande basi."

"Unatania."

"Sitanii. Hii siyo hela, Katekista. Hii ni kiti. Mungu akitaka kwenda Musoma, kiti chake kipo."

Katekista aliondoka anacheka, akisema maneno yale angeyasema Mkristo angepewa kitubio. Lakini Fundi hakuwa anacheka. Akanigeukia mimi, niliyekuwa nasubiri basi na kapu langu la dagaa, akasema kwa sauti ya chini, "Kadi ikianza kununua samaki, Mkubwa, iko siku itakataa kubeba mtu." Nilikuwa binti mdogo. Nilidhani ni manung'uniko ya fundi asiye na kazi.

Alikuwa mtu wa pande mbili zisizokutana. Basi halikuchelewa kuondoka hata kidogo siku alizolisimamia yeye. Ukifika wakati dereva amewasha, utalipungia mkono, na Fundi atakuambia kesho ipo. Lakini nguo? Hakuna binadamu Bunda nzima aliyewahi kupata nguo kwa Fundi siku aliyoahidiwa. Sare za shule zilitoka wakati watoto wameshavaa za kuazima. Kanzu ya Idi ilitoka baada ya Idi. Kuna bwana harusi alisimama mbele ya shehe na suruali yenye nyuzi za kushikizia, nyeupe, zinaonekana kutoka mlangoni, na bado alimshukuru Mungu kwamba ameipata.

"Fundi, mbona basi unaliwahi?" nilimuuliza siku moja.

"Basi lina watu ndani," alisema. "Suruali haina mtu bado."

Hakupenda watu wanaoongea sana, na redio yake ilikuwa inaongea tangu alfajiri. Wakati wa shida ya sukari alizoea kahawa chungu, na sukari iliporudi madukani akaikataa, akasema imemzoeza vibaya mara moja, haitamzoeza mara ya pili. Swala hakuziacha, na kadi hakuuza wakati wa swala hata kama dereva anapiga honi. Lakini alikuwa na utani mbaya. Alipogundua kijana mmoja wa mtaani ameghushi kadi, hakuita mgambo.

Kijana yule alikuwa ameiba kipande cha turubai, akashona mwenyewe kwa mkono, uzi mwekundu, usiku na mchana. Kwa mbele kazi ilikuwa safi. Nyuma ilikuwa vurugu tupu, kama kichwa cha mtu aliyeamka. Fundi aliigeuza, akaitazama, akaikata kona moja.

"Safari njema, kijana."

Yule akapanda, amejaa furaha. Fundi akamwambia kondakta kwa sauti ya chini, "Kule Musoma, wakati wa kurudi, angalia nyuma ya kadi yake." Kijana alilala Mwigobero siku kadhaa, akabeba matenga ya samaki kwenye mitumbwi ya kisiwa cha Rukuba mpaka akapata nauli ya taslimu. Siku aliyoshuka Bunda alikuwa ananuka samaki kutoka mbali. Fundi hakuinua macho kwenye cherehani.

"Karibu. Umejifunza kushona na nyuma?"

Baadaye alimfundisha kweli. Yule kijana akawa fundi mzuri, na mpaka leo akimaliza nguo huigeuza kwanza nyuma kabla ya kuitazama mbele.

Jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba Fundi mwenyewe hakupanda basi kwa kadi. Hata siku moja. Alikwenda Musoma mara kwa mara kufuata nyuzi na vifungo, na kila alipokwenda alitoa noti mfukoni, akalipa nauli mbele ya watu wote, akadai risiti. Watu walimcheka. Makuli walimuuliza kama kadi zake ni sumu, maana mpishi mwenyewe hali. Mimi nilimuuliza kwa heshima, kwa sababu lilinisumbua. Nyumbani kwetu kulikuwa na kadi sandukuni, na kama mshonaji hazitumii, nilitaka kujua.

"Mashine ni yangu, uzi ni wangu, mkasi ni wangu," alisema. "Nikipanda kwa kadi, utajuaje kama niliinunua ama niliishona jana usiku?"

"Mimi nitakuamini, Fundi."

"Wewe utaniamini. Yule wa nyuma yako je?"

Ndiyo ikawa hivyo. Kadi alizishonea wengine, yeye akabaki na taslimu, ili kadi za wengine zisitiliwe shaka. Sikuwahi kumsikia akijisifia jambo hilo. Alilichukua kama anavyochukua vipimo vya kiuno.

Sasa niseme kuhusu zile kadi za sandukuni kwetu.

Mama alizinunua msimu wake wa mwisho wa pamba. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa anakohoa, na nadhani alijua. Alinituma na bahasha kwa Fundi, nikarudi na kadi nyekundu kadhaa na moja ya buluu. Alizikunja kwenye kitambaa, akasema, "Hizi nyekundu ni za Magesa. Huyu atasoma Musoma." Magesa ndiye aliyenifuata, wakati huo alikuwa bado shule ya msingi, na anaandika herufi kubwa kama mbuzi. Mama alimwona amefika sekondari tayari. Ile ya buluu ilikuwa yake mwenyewe. Alitaka kwenda Butiama kwa mdogo wake, azungumze naye habari zetu. Hakuwahi.

Baada ya matanga, mama mdogo wa Butiama alikaa na mimi uani. Sitasema alikuwa na nia mbaya, alikuwa na watoto wake sita na bado alijitolea. Alisema wale wawili wa mwisho awachukue yeye. Magesa akaishi na mjomba, achunge ng'ombe. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeshaacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama, kulikuwa na mtu mzuri wa kunioa.

"Kadi ya Butiama si ipo?" aliniuliza. "Walete hao wadogo mwisho wa mwezi, utawapakata. Wewe mwenyewe utapumzika, mwanangu."

Nilisema nitafikiri. Sikufikiri. Nilikuwa nimeshajua kwamba tukigawanyika safari hii hatutakutana tena chini ya paa moja mpaka msiba wa mmoja wetu. Nilianza kwenda Mwigobero kununua dagaa na kuwauza Bunda, na ile kadi ya buluu nikairudisha chini ya sanduku.

Fundi alijua. Yeye ndiye aliyeiuza ile kadi, na Bunda ni mahali ambapo mama mdogo akinywa chai kwa jirani, maneno yake yanafika stendi kabla ya kikombe kuoshwa. Hakunipa ushauri. Hakuniambia Mungu atasaidia. Siku niliyopita kibarazani kwake mara ya kwanza baada ya mwezi kwisha, alinitazama juu ya miwani.

"Mkubwa. Ile ya Butiama?"

"Ipo, Fundi."

"Haya."

Akaendelea kushona. Na tangu siku hiyo, kila nilipopita, aliniuliza hivyohivyo. Nilipopita na malaria, aliuliza. Wakati dagaa walioza kwa mvua nikarudi na kapu tupu, aliuliza. Siku mdogo wa mwisho alipovunjika mkono na mimi nalia wazi barabarani, alinisubiri nimalize kupangusa macho, ndipo akauliza. "Ipo," nikasema. "Haya." Watu wengine walinihurumia, na huruma yao ilinichosha. Yeye alikuwa anahakikisha tu kwamba bado nimesimama, kama mtu anavyojaribu mshono kwa kuuvuta.

Halafu mambo yakafunguka. Ghafla madukani kukawa na sabuni, khanga, betri, mafuta ya kula, na mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota. Wateja wa nguo wakapungua kibarazani, maana shati la mtumba lilipatikana kwa bei ya vifungo tu vya shati jipya. Mwenye basi wa Musoma alizeeka, akaliuza lile basi kwa kijana mmoja mfanyabiashara. Kijana alikuja Bunda amevaa miwani ya jua, akabandika karatasi mlangoni mwa basi: HELA TASLIMU TU.

Kadi zilikuwa bado zimejaa majumbani. Watu walikuja nazo kibarazani, wengine wanamfokea Fundi, wengine wamenyamaza tu, na hao ndio walioumiza zaidi. Magesa alikuwa amefaulu. Barua ya kuitwa sekondari Musoma ilikuwa imefika, na siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa imetajwa humo. Mtaji wangu wote ulikuwa umeingia kwenye godoro, ndoo na ada ya kuanzia. Nauli yake ilikuwa ni zile kadi nyekundu za mama. Sikuwa na nyingine, na kuazima nilikuwa nimeshaazima mpaka mlango wa mwisho.

Nilikuwepo siku Fundi alipokwenda kuzungumza na yule kijana, maana yalifanyika stendi, mbele ya kila mtu.

"Mzee wangu," kijana alisema, "shikamoo. Mimi nimenunua basi. Sijanunua matambara."

"Marahaba. Umenunua na viti?"

"Basi huwa linauzwa na viti, Mzee."

"Basi kuna kimoja umeuziwa cha watu. Walishakilipia zamani."

Makuli walicheka. Kijana naye akacheka, lakini hakuvua miwani.

"Mzee, nauli ya wakati ule hainunui hata upepo wa tairi leo. Nikiwabeba hao wote nitafunga biashara."

"Sijasema wote. Nimesema kiti kimoja. Kila safari, kimoja, mpaka kadi ziishe."

"Na mimi napata nini?"

Fundi aliingia ndani ya basi. Tulimwona kupitia madirishani anatembea polepole, anabonyeza viti kwa kidole. Vilikuwa vimechanika vyote, sponji iko nje, na kwenye vingine chuma kilikuwa kinachana nguo za abiria. Akashuka.

"Nani anakushoneaga viti?"

"Hakuna. Nitapeleka Mwanza."

"Mwanza utalaza basi wiki nzima. Mimi nitashona hapahapa, wakati limelala. Viti vyote. Sitaki hela yako. Nataka kile cha nyuma ya dereva, dirishani."

Kijana akavua miwani. Nadhani hapo ndipo alipomwona Fundi kwa mara ya kwanza.

Vile viti Fundi alivimaliza kwa wakati. Ndiyo kazi pekee aliyowahi kumaliza kwa wakati, na watu wa Bunda waliizungumzia hiyo kuliko habari za kadi. Vilikuwa vya rangi ya kahawia, vimenyooka. Kile cha nyuma ya dereva alikizungushia mshono mwekundu pembeni, mshono uleule wa kadi, mbele na nyuma. Haikuhitajika kuandika kitu. Kila aliyeingia alijua kile ni Kiti cha Kadi. Utaratibu ulikuwa mmoja: anayetaka kusafiri analeta kadi kibarazani, inatundikwa msumarini, na aliyetangulia kutundika ndiye anayetangulia kukaa.

Kadi ya Magesa niliitundika mapema. Siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa zamu yake.

Asubuhi ile Magesa alikuwa amesimama kibarazani amejifunga khanga yangu kiunoni, kwa sababu kaptula yake ya shule Fundi alikuwa bado hajamaliza. Ndiyo, hata siku hiyo. Alikuwa anashona kifungo cha mwisho, pini zimejaa mdomoni, na dereva ameshawasha. Yeye mwenyewe alikuwa safarini siku hiyo, anakwenda kufuata nyuzi. Risiti yake ya taslimu ilikuwa imechomekwa kwenye kofia.

Ndipo akafika mama mmoja wa kijijini, amemshikilia mumewe. Mguu wa yule mzee ulikuwa umevimba mpaka gotini, unang'aa. Mama yule alikuwa na kadi mkononi, nyekundu, safi kabisa.

"Tunampeleka hospitali Musoma," alisema. "Tuna kadi."

Kondakta akamwonyesha msumari. "Kiti cha leo kina mwenyewe, mama. Ama ulipe taslimu."

"Taslimu nitaitoa wapi?" Akamtazama Magesa na khanga yake. "Binti, huyu mdogo wako ana miguu mizima. Muachie mzee."

"Mama, leo ndiyo mwisho wa kuripoti."

"Kuripoti wapi?"

"Shule. Asipofika leo nafasi inapewa mwingine."

"Shule haiumi, mwanangu. Huu mguu unauma."

Nikamtazama Fundi. Alitoa pini mdomoni.

"Usiniangalie mimi, Mkubwa. Kadi yako ilitangulia. Ukimpa, nitampandisha mzee. Ukikataa, nitampandisha kijana. Mimi sina neno la tatu."

Nilimtazama yule mzee mguuni, nikamtazama mkewe usoni. Nilikuwa nimemuuguza mama, nilijua wanachokijua.

"Nakataa," nikasema.

Yule mama alifumba macho. Sikugeuza uso. Nilisema kwa sababu palikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kukisemea kiti kile, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sijalijutia neno hilo mpaka leo.

Fundi alikata uzi kwa meno, akamrushia Magesa kaptula. "Vaa." Akachukua kadi msumarini, akaikata kona, akamkabidhi Magesa. Kisha akavua kofia, akachomoa ile risiti yake ya taslimu, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama.

"Kiti changu ni cha tatu, upande wa kivuli. Mzee ataunyoosha mguu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nafuata uzi tu."

Akaichukua ile kadi yao, akaikata kona zote mbili palepale, kwa haki, kana kwamba imesafiri. Kondakta mwenyewe alishuka kumsaidia mzee kupanda, na mama yule akabanwa kwenye ngazi karibu na mumewe bila kudaiwa chochote. Basi likaondoka kwa wakati. Magesa alikuwa dirishani nyuma ya dereva, ndoo magotini, anajaribu kutolia mbele ya watu. Nilimpungia mpaka vumbi likafunika.

Niliporudi kibarazani Fundi alikuwa anafumua mshono wa ile kadi ya yule mzee, anaviringisha uzi mwekundu kwenye kibiringo. Uzi hakuutupa kamwe.

"Mkubwa," alisema bila kuinua macho. "Ile ya Butiama?"

"Ipo."

"Haya."

Baada ya hapo ilichukua miaka. Kiti cha Kadi kilibeba watu mmoja mmoja, wajawazito, mashahidi wa kesi, mabibi waliokwenda kuona wajukuu, mpaka msumari ukabaki mtupu kwa wiki, halafu kwa miezi. Vipanya, vile vibasi vidogo, vikaja, vikaondoka kila vilipojaa, taslimu mkononi, na lile basi la buluu likachakaa. Magesa alimaliza, akapata kazi mbali. Wale wawili wa mwisho walikua kwangu, wakagombana kwangu, na harusi zao zilifanyika uani kwangu. Butiama nilikwenda, likizo moja Magesa akiwa bado shule. Niliwavalisha wote watatu nguo safi, tukamsalimia mama mdogo, akatushika mikono akalia. Lakini siku hiyo nililipa taslimu.

Fundi alipoanza kupungukiwa na macho, binti yake alimchukua akaishi naye Musoma, mtaa wa Nyakato. Sikujua kwa muda. Niliambiwa Mwigobero na yule kijana wa kughushi, ambaye sasa ana duka lake la cherehani na kitambi chake. Nikaacha matenga yangu kwa mtu ninayemwamini, nikaenda.

Alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha kamba za plastiki. Kiti kilikuwa kimoja tu. Mkasi ulikuwa mapajani, ingawa sikuona kitambaa chochote karibu.

"Baba, una mgeni," binti yake alisema.

"Nani?"

"Shikamoo, Fundi."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza injini ya mbali. "Marahaba, Mkubwa." Akageuza uso upande wangu. "Ile ya Butiama?"

"Ipo."

Safari hii hakusema haya. Alinyoosha mkono. Nilifungua pindo la khanga nikamwekea kadi kiganjani. Turubai lilikuwa limelainika kama ngozi ya sikio. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa mbele, akaigeuza, akapitisha nyuma, taratibu, mpaka akafika alipoanzia.

"Haijakatwa kona," alisema.

"Haijakatwa."

"Nyingine zote zilisharudi. Nilikuwa nabakiwa na hii."

"Basi lenyewe halipo tena, Fundi."

"Najua. Mlango wake uko kwenye banda la kuku pale Bunda, nimeambiwa." Akatabasamu. "Niliwaambiaga kadi ni nini?"

"Ni kiti."

"Haya."

Akashika ukuta, akainuka. Ilimchukua muda, na binti yake alitaka kumsaidia akamzuia kwa mkono wenye mkasi. Aliposimama sawasawa alikipapasa kile kiti cha kamba, akakisogeza kidogo upande wangu.

"Kaa."

"Fundi, mimi nitakaa hapa mkekani. Wewe kaa."

"Tangu lini mwenye kadi yangu anakaa chini?"

Nilitazama kile kiti. Nilijaribu kukumbuka nilikaa lini mbele ya mtu mzima aliyesimama, au mbele ya mtu yeyote aliyesimama, na sikukumbuka. Nikakaa. Kamba zilikuwa bado na joto lake.

Akaishika kadi kwa vidole viwili, akaitafuta kona kwa ncha ya mkasi, akaikata moja tu, akanirudishia.

"Na hii nyingine?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya kurudi. Nitaikata ukisimama."

Binti yake alileta kahawa chungu. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda kutoka Mwigobero na harufu ya dagaa. Sikuwa na haraka ya kusimama.